Kesi zilizokwama Nyarugusu

Tangu Januari 2025, Wakongo wenzetu hapa Louisville, Kentucky, wananiuliza swali lilelile: “Kaka, kesi ya wadogo zangu itafunguliwa lini?” Kesi hapa ni ombi la mkimbizi la kuhamishwa kutoka kambini kuja Marekani. Mimi ni mtu wa Kasulu, Tanzania. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa waliokimbia vita Kivu Kusini, iko kwetu, ndiyo maana wanadhani nitajua.

Mama mmoja alinionyesha picha kwenye simu: mdogo wake amekumbatia ule mfuko wa plastiki wa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, wenye nyaraka zote za safari. Usaili alishapita, uchunguzi wa usalama alishapita, vipimo vya afya pia. Tarehe 20 Januari Rais Trump akasaini agizo la kusimamisha upokeaji wa wakimbizi, safari zikafutwa. Vipimo hivyo kwa kawaida hudumu miezi 6 tu, kwa hiyo hata mlango ukifunguliwa kesho, atapimwa upya.

Mikataba yenyewe ndiyo inayoruhusu haya. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unaikataza Tanzania kumrudisha mtu kwenye hatari, na hilo ni sharti. Lakini hakuna ibara inayoilazimisha Marekani au Ulaya kumchukua hata mmoja kutoka kambini. Jirani amefungwa na sheria, aliye mbali ameachiwa hiari yake. Desemba 2018 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mapatano ya Kimataifa kuhusu Wakimbizi: nchi 181 zilikubali, Marekani na Hungary zikakataa. Humo kugawana mzigo kumeelezwa vizuri sana, na humohumo imeandikwa kwamba mapatano hayaifungi nchi yoyote kisheria. Mapema mwaka huohuo Tanzania ilikuwa imejitoa kwenye mpango wa majaribio wa kugawana mzigo huo, ikilalamika kwamba fedha haziji, na nyingine zinaletwa kama mkopo. Namna wakimbizi Warundi walivyoshinikizwa kurudi kwao sikuikubali na bado siikubali, ila kwenye hoja ya mkopo serikali yetu ilisema kweli. Kwa nini ukope ili umhifadhi aliyekimbia vita?

Wanadiplomasia wakikaa tena Geneva, naomba wabanane kwenye jambo moja: mtu aliyekwisha kupitishwa, kesi yake isife serikali ikibadilika. Kuhusu idadi waendelee kuvutana. Marekani ilikuwa na ukomo wa watu 125,000 kwa mwaka wa fedha 2025, ikashusha hadi 7,500 kwa 2026, na nafasi nyingi zikatengewa Wazungu wa Afrika Kusini. Yule mama aliponiuliza kwa nini wao na si mdogo wake aliyezaliwa kambini, nilimjibu kwamba ni uamuzi wa kisiasa na si haki. Natamani Tanzania, Uganda na Kenya ziseme hivyohivyo mezani, tena kwa pamoja.