Mchicha nafaka kwenye uji wa nyumbani kwetu

Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi. Ikikata tu, bei ya mboga inapaa na fungu la mchicha linakonda. Ndiyo maana nikapanda mchicha nafaka. Unavumilia ukame, unakomaa kwa takriban miezi mitatu, na mbegu zake zikikauka vizuri unakula kiangazi kizima. Majani machanga nayo ni mboga, usiyatupe.

Uji wa uwele au mtama mtupu unashibisha, lakini nafaka hizi, kama mahindi, zina laisini kidogo. Hiyo ni sehemu ya protini ambayo mwili haujitengenezei. Mchicha nafaka unayo ya kutosha. Gramu 100 za mbegu kavu zina protini takriban gramu 14 na madini chuma miligramu 7 hivi. Chuma cha mimea hakifyonzwi kirahisi, kwa hiyo uji wangu nautia unga wa ubuyu, maana una vitamini C, na chai ya rangi inasubiri baadaye, kwani inapunguza ufyonzwaji wa chuma. Vidonge vya kuongeza damu vya kliniki nilivimeza vyote vilevile. Uji si dawa.

Kazi iko kwenye kusafisha. Mbegu ni ndogo kuliko za ulezi, na zikipurwa chini kwenye udongo, mchanga unaingia hadi unausikia menoni. Kupepeta hakutoshi. Naziloweka kwenye beseni, nakoroga kwa mkono, kisha namimina upesi juu ya kitambaa: mbegu zinakwenda na maji, mchanga unabaki chini. Narudia hadi beseni liwe safi, ndipo naanika.

Mashineni napeleka kilo moja ya mchicha kwa tatu za mtama. Nasaga kidogokidogo, kwa kuwa mbegu zina mafuta na unga ukikaa sana unachacha.

Mama mkwe aliukataa uji huu. "Mwanangu, mchicha ni mboga. Uji wa mboga ndiyo nini?" Sikubishana. Nilipasha sufuria kavu hadi ikawa moto kwelikweli, nikatia kijiko kimoja cha mbegu, nikafunika. Zikaruka, zikawa bisi ndogo nyeupe. Ukitia nyingi zinaungua kabla ya kupasuka. Nikazichanganya na asali na karanga za kusaga. Sasa anadai zake kila nikiwasha jiko, ila uji bado anasema ni wa wajukuu.