Mita 160

Saa ya mkononi ya mkimbiaji hudanganya, lakini hudanganya kwa upande mmoja: huongeza umbali. Njia ya mbio hupimwa kwa mstari mfupi kuliko yote unaoweza kukimbiwa, sentimita 30 kutoka ukingo wa barabara, kona zote zikiliwa kwa ndani. Hakuna anayekimbia hivyo. Mtu hupanuka kwenye kona, humzunguka aliye mbele yake, huvuka barabara kufuata meza ya maji. Ndiyo maana nusu marathoni, yenye kilomita 21.0975, kwenye saa za watu husoma 21.3 hivi, na kila mwaka nililaumiwa kwamba njia yangu ni ndefu. Nilishazoea.

Mwaka wangu wa tatu nikiwa mkurugenzi wa mbio, lawama hizo hazikuja.

Nilikuwa nimesimama kwenye mstari wa kumalizia, sauti imenikauka, nikipeana mikono na watu waliolowa jasho. Kijana mmoja akaniinulia mkono wake: "Bosi, mwaka huu mmepima! 21.1 kamili!" Nikacheka naye. Akaja wa pili na 21.1. Wa tatu akasema 21.08. Hapo kicheko kikaniishia. Saa zikikubaliana kuwa njia imetimia, ujue haijatimia.

Jioni, mahema yakikunjwa, nilikwenda peke yangu mahali pa kugeukia. Yalikuwa mbio za kwenda na kurudi: unakimbia hadi kwenye koni, unaizunguka, unarudi ulikotoka. Mpimaji wetu alikuwa ameshindilia msumari kwenye lami na kuuzungushia rangi. Sikuuona. Kiraka cha lami mpya kilikuwa kimeumeza pamoja na rangi yake. Hapo nikaikumbuka simu ya alfajiri. Kijana wa kujitolea aliniuliza koni aiweke wapi maana alama haionekani, nami, huku nikigombana na mtu wa vyoo vya kukodi, nikamjibu, "Nguzo ya tano baada ya daraja," nikakata. Yeye akazihesabu na nguzo mbili zilizokuwa juu ya daraja lenyewe. Tano yake ilikuwa tatu yangu.

Mpimaji alikuja saa kumi usiku, kabla magari hayajaanza kupita, na baiskeli yake yenye kifaa kidogo gurudumuni kinachohesabu mizunguko. Kwanza aliiendesha mara nne kwenye kipande cha barabara kilichopimwa kwa utepe wa chuma, ndipo akaingia kwenye njia, na alipomaliza akarudi kwenye kile kipande akaiendesha mara nne tena, kwa sababu tairi hutanuka joto likipanda na namba hubadilika. Mimi nilimfuata na gari, taa zikiwaka. Jibu lilikuwa mita 80 kwenda na mita 80 kurudi. Kila njia huongezewa akiba ya moja kwa elfu ili isije ikapungua, yaani mita 21 kwa nusu marathoni. Ukiitoa hiyo, tulikuwa bado tumepunjwa mita 139.

Mzee aliyekuwa juu yangu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Nani mwingine anajua?" Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anamfikiria mdhamini, na mkataba wake uliokuwa mezani haujasainiwa. Nami kwa nusu saa nzima nilimwona ana hoja. Watu wamefurahi, medali wamevaa, picha wamepiga. Nani atakwenda kupima?

Sijui kama ningeandika ile barua kama kosa lingekuwa la mtu mwingine. Kukiri kosa lako ni aibu, lakini angalau unajua uanzie wapi. Niliandika kwamba njia ilipungua mita 160, kwamba aliyetoa maelekezo ya koni ni mimi wala si mtu wa kujitolea, na kwamba matokeo ya siku ile hayatatambuliwa kuwa muda rasmi. Ikawafikia watu elfu sita kwa mkupuo mmoja.

Matusi yalikuja, na mengi nimeyasahau. Ninayemkumbuka ni mama mmoja aliyepiga simu mwenyewe. Alikuwa amejaribu kushuka chini ya saa mbili kwa miaka minne, na siku ile alipata 1:59:41. Mita 160 kwa mwendo wake ni kama sekunde 55. Alikuwa ameshapiga hesabu kabla ya kunipigia.

"Kwa hiyo sijawahi," alisema.

"Hujawahi, mama. Nisamehe."

Akanyamaza kwa muda mrefu, nikasikia bomba la maji likifunguliwa na kufungwa upande wake.

"Mwakani," akasema, "hiyo koni ataiweka nani?"

Mwaka uliofuata, saa kumi na moja alfajiri, nilikuwa nimeshika koni mkononi, na simu nimeiacha garini. Alipoizunguka hakunitazama. Alikuwa anatazama saa yake.