Uongo wa basari: jinsi tulivyoupeleka mbele ya tume kabla ya kura

Karatasi iliyogawiwa mitaani ilikuwa na mistari mitano tu, na mmoja ndio ulioumiza: kwamba mgombea wetu, mwalimu mstaafu aliyewania uwakilishi wadi huku Kisauni, Mombasa, nchini Kenya, alikula pesa za basari, yaani za karo, za mayatima alipokuwa kwenye kamati ya shule. Ilikuwa Julai 2022, na kura ni tarehe 9 Agosti. Mimi nilikuwa katibu wa kampeni yake. Haikuchukua muda maneno yale yale yakaingia WhatsApp kwa sauti, kisha tuktuk yenye kipaza sauti ikawa inayatangaza mtaa kwa mtaa.

Vijana wetu walitaka kujibu kwa kumtungia mpinzani lake. Mwalimu akakataa. "Wakisema sina sera, au umri umenipita, waacheni, hiyo ndiyo siasa. Lakini hili la mayatima silali nalo." Tulipofika kwa wakili mjini ndipo nilipofahamu kwamba mpaka aliouchora Mwalimu ndio huo huo wanaoutazama mawakili: maoni juu ya mgombea ni jambo moja, na kudai kwamba alitenda jambo fulani, ilhali hakulitenda, ni jambo jingine.

Wakili alimuuliza swali ambalo tangu hapo nami huwauliza wengine: "Mwalimu, unataka fidia, au unataka uongo huu ukome kabla watu hawajapiga kura?" Kesi ya kashfa ingeweza kwenda miaka. Mahakama ya madai madogo, ambayo watu huikimbilia kwa sababu ni ya haraka, hairuhusiwi na sheria yake kusikiliza kashfa. Na polisi? Kifungu cha 194 cha sheria ya jinai, kilichofanya kashfa kuwa kosa la kufungwa, Mahakama Kuu ilikiondoa mwaka 2017. Kwa maoni yangu ilifanya vyema, maana kifungu kile kingeweza kuwafunga wanyonge kuliko wakubwa.

Ikabaki njia ya tume ya uchaguzi, IEBC. Kifungu cha 84 cha Katiba kinamtaka kila mgombea na kila chama kufuata kanuni za maadili ya uchaguzi, na kanuni hizo zinawakataza kuwashambulia wapinzani kwa kashfa na matusi. Anayezivunja anaweza kupewa onyo rasmi, kutozwa faini, au kuzuiwa kufanya mikutano au kuingia eneo fulani kuomba kura. Mpinzani wetu alikuwa ameshajifunga kuzifuata alipojitosa ugombeani. Malalamiko yetu tukayaanza hapo, kwa ahadi yake mwenyewe.

Kazi ilikuwa kwenye ushahidi. Watu walituletea picha za skrini kwa wingi, karibu zote zimesambazwa kutoka simu hadi simu, hujui chanzo. Sheria ya ushahidi, kifungu cha 106B, inataka ushahidi wa kielektroniki uje na cheti kinachoeleza kifaa kilichotumika na jinsi nakala ilivyotolewa. Kwa hiyo tukamtafuta mtu mmoja aliyekuwamo ndani ya kundi lile la WhatsApp wakati sauti inatumwa, tukamwomba asifute chochote, na nakala ikatolewa kwenye simu yake mwenyewe. Karatasi ya asili tukaitia kwenye bahasha, na mama muuza mahamri aliyepewa mkononi akaandika hati ya kiapo: alipewa na nani, wapi, saa ngapi. Mama yule hakuwa hata upande wetu. Alisema tu kwamba Mwalimu alimfundishia wanawe, na jambo alilolijua si kweli hawezi kulinyamazia. Sitamsahau.

Kisha tulipaswa kuonyesha kwamba maneno yale ni uongo. Kuapa "sikula" hakutoshi. Shule ikatuandikia barua kuthibitisha kwamba pesa za basari zilifika kwenye akaunti ya shule, na kumbukumbu za vikao vya kamati zikaonyesha kwamba Mwalimu hakuwa hata mtia saini wa hundi. Na gumu kuliko yote: kuihusisha karatasi na mpinzani. Jina lake halikuwamo. Kilichotuokoa ni video ya tuktuk, bango lake likiwa limebandikwa ubavuni, namba ya gari inasomeka, na aliyeshika kipaza sauti ni mtu aliyekuwa akisimama naye jukwaani.

Kikao cha tume chenyewe hakikuchukua muda mrefu. Mpinzani alisema wale ni mashabiki tu, hakuwatuma. Video ikachezwa. Alipewa onyo, akakubali kwa maandishi kuzikusanya karatasi na kusahihisha maneno yale kwa kipaza sauti kile kile, katika mitaa ile ile. Hilo la mitaa ile ile ndilo tuliloling'ang'ania zaidi. Aliyeusikia uongo akiwa kibarazani kwake hatausoma ukweli kwenye ubao wa ofisi. Walisahihisha, kwa shingo upande na kwa haraka, lakini watu walisikia.

Mwalimu hakupata kiti. Baadhi yetu tulitaka kupinga matokeo, na siku zilizoruhusiwa ni 28 tu baada ya kutangazwa. Wakili alitueleza kesi ya Uingereza ya 2010, mbunge Phil Woolas alipovuliwa kiti na mahakama ya uchaguzi kwa uongo aliousema juu ya mpinzani wake. Lakini kule sheria inataja waziwazi uongo kuhusu tabia ya mgombea. Kwetu ungepaswa kuonyesha kwamba uchaguzi haukuendeshwa kwa misingi ya Katiba na sheria, au kwamba kasoro iliathiri matokeo, na kwanza uweke dhamana ya shilingi 100,000 kwa kiti cha wadi. Tofauti ya kura ilikuwa kubwa. Mwalimu akasema hapana, na nilikubaliana naye.

Ila jina lake hakuliacha hivyo hivyo. Kesi ya kashfa hufunguliwa ndani ya miezi 12, kwa hiyo wakili akapeleka barua ya madai mapema. Mwalimu hakuomba pesa. Aliomba barua ya radhi yenye saini, isomwe kwenye mkutano wa wazazi wa shule ile. Ilisomwa muhula uliofuata, na mahakamani hatukwenda.