Nani ana risiti ya EFD ya mchanga?

Kama umewahi kufanya kazi kwenye asasi ndogo hapa Bongo ile picha unaijua, mnapangwa mstari mmoja na matisheti ya kampuni, katikati mfano wa hundi mkubwa kama mlango, mkuu wa wilaya kashika huku meneja kashika kule, nyie wenye mradi mko pembeni kabisa mnachekacheka. Mi ninazo nne za hivyo. Pesa ya hiyo ya mwisho, ya vyoo vya wasichana shule ya msingi, iliingia shule zimeshafungwa.

Alafu ikaja ripoti. Wale jamaa wa kampuni iliyotoa pesa (siwataji, tutawahitaji tena) wakataka kila manunuzi yawe na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Saruji na bati sawa, tulinunua dukani. Ila mchanga kaleta kijana wa mkokoteni, kokoto wamegonga kina mama palepale kijijini, fundi mwenyewe hata TIN (namba ya mlipakodi) hana. Dada wa CSR, yaani kitengo cha kampuni cha kusaidia jamii, akaniambia kwenye simu "kaka mi nakuelewa, odita ndo hatanielewa". Mwaka uliofuata barua yetu haikujibiwa.

Hasira zilipoisha ndo nikaanza kuuliza watu. Hao sio wa madini, lakini huku kwetu migodi ipo, na kwa migodi mambo ni tofauti kabisa: tangu Sheria ya Madini ibadilishwe 2017, kifungu cha 105, mwenye leseni anatakiwa kila mwaka aandae mpango wa CSR akubaliane na halmashauri, na ufuate vipaumbele vya halmashauri, sio vya meneja. Misaada ya hiari bado ipo, mgodi wa dhahabu wa GGML kule Geita wana Kili Challenge yao, tangu 2002 wanapandisha watu Mlima Kilimanjaro kuchangisha pesa za mapambano ya UKIMWI wakishirikiana na TACAIDS, tume ya serikali ya kudhibiti UKIMWI. Ila ule mpango wa mwaka mezani kwake ni halmashauri, na sisi asasi tumekomaa na barua getini kwa mgodi!

Shida ninayoiona ni kwamba diwani anapenda jengo. Darasa linazinduliwa, zahanati inakatwa utepe, sasa pedi za mwaka mzima au mtaalamu wa lugha ya alama utakata utepe wapi, kwahiyo kwenye vipaumbele havionekani na mkutano wa kijiji vinapoanzia hatuendi, tuko busy na proposo. Na sheria hiyohiyo inasema halmashauri itoe elimu kwa wananchi kuhusu hii miradi. Mtaani kwetu mi sijaisikia.

Jana nikaenda kwa afisa mipango kuomba kuona mpango uliokubaliwa mwaka huu. Hakunikatalia, kasema nirudi Jumanne na barua yenye muhuri wa asasi. Muhuri wetu wino umekauka, kesho asubuhi nipo stationari.