Nilivyoigeuza Raspberry Pi ya zamani kuwa mashine ya kuandikia kwa RISC OS

Kwa muda mrefu nilikuwa na bodi ya Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, ya toleo la kwanza, Model B yenye kumbukumbu ya megabaiti 512, ambayo sikuona tena faida yake. Mfumo endeshi wa kawaida uliokuwa ndani yake ulikuwa ukijikongoja: nikifungua menyu nilisubiri, nikifungua kivinjari nilisubiri zaidi, na nikichapa kwa kasi herufi zilitokea kwenye skrini baada ya vidole vyangu kwisha kupumzika. Nami nilichohitaji kilikuwa kidogo tu, yaani mashine ya kuandikia isiyokula umeme, isiyo na feni ya kuvuma, na isiyonishawishi kufanya mambo mengine. Ndipo nilipoijaribu RISC OS, mfumo endeshi mwingine ulio mwepesi.

Mfumo huu si wa jana. Ulitolewa mwaka 1987 kwa jina la Arthur na kampuni ya Acorn ya Cambridge, Uingereza, kwa ajili ya kompyuta zake za Archimedes, zilizotumia prosesa ya ARM ambayo kampuni hiyohiyo ilikuwa imeibuni. Archimedes ndogo kabisa ilikuwa na kilobaiti 512 za kumbukumbu na prosesa ya megahezi 8, kwa hiyo bodi yangu niliyoidharau ilikuwa na kumbukumbu mara 1,024 ya ile ambayo mfumo huu ulizaliwa nayo. Isitoshe, prosesa ya Raspberry Pi ni ya ukoo uleule wa ARM, na hivyo mfumo hufanya kazi moja kwa moja juu ya bodi bila kuigiza mashine nyingine. Tangu mwaka 2018 msimbo wake uko chini ya leseni huria ya Apache 2.0, na wengi wanaouendeleza hufanya hivyo kwa mapenzi tu.

Kuusakinisha hakukunisumbua. Nilipakua faili la mfumo mzima, nikaliandika kwenye kadi ya SD, nikachomeka kadi na umeme, na chini ya nusu dakika skrini ya kazi ikawa mbele yangu. Kilichonichukua siku kadhaa ni kipanya.

RISC OS hutaka kipanya cha vitufe vitatu, na kila kimoja kina jina na kazi yake: cha kushoto ni Select, cha kati ni Menu, cha kulia ni Adjust. Madirisha hayana safu ya menyu juu, kwa hiyo kila amri hupatikana kwa kubonyeza kitufe cha kati mahali pale ulipo. Gurudumu la kipanya changu lilikuwa gumu, na kila nilipolibonyeza ukurasa uliruka kabla menyu haijatokea, hata nikadhani mfumo ndio mbovu. Nilipopata kipanya kingine tatizo likaisha siku hiyohiyo.

Jambo la pili lilikuwa kuhifadhi faili. Nilipomaliza ukurasa wangu wa kwanza katika programu ya Edit, nilichagua Save, nikaona kijidirisha chenye aikoni ya faili na nafasi ya kuandika jina. Niliandika jina, nikabonyeza OK, na mfumo ukanijibu kwamba ili kuhifadhi ni lazima niburute aikoni hadi kwenye dirisha la folda. Nilikasirika, kwa sababu nilikuwa nimezoea kupewa orodha ya folda nichague. Baada ya wiki moja hasira ilikwisha, kwani folda ninayofanyia kazi huwa tayari iko wazi pembeni, na aikoni ileile naweza kuiburuta hadi ndani ya programu nyingine: mchoro nilioutengeneza katika programu ya kuchorea ya Draw huingia kwenye waraka bila kupitia diski kwanza. Adjust nayo niliipenda mno. Nikiibonyeza kwenye alama ya kufunga dirisha la folda, folda hiyo hufungwa na ile inayoibeba hufunguka.

Majina ya faili yalinichanganya zaidi kuliko nilivyotarajia. Nukta hapa hutenganisha folda, kwa hiyo faili niliyoileta kutoka kompyuta nyingine kwa jina la barua.txt ilionekana kama barua/txt, na aina ya faili haitokani na jina bali na alama inayohifadhiwa pamoja na faili yenyewe. Maandishi ya kawaida, kwa mfano, ni FFF.

Udhaifu mkubwa niliugundua nilipoandika programu yangu mwenyewe ya kuhesabu maneno kwa BBC BASIC, lugha ambayo imo ndani ya mfumo. Kwa faili fupi ilifanya kazi vizuri. Kwa faili ndefu, kipanya kilitembea lakini hakuna dirisha lililoitikia, na saa iliyo kwenye upau wa chini iliganda dakika ileile hadi hesabu ilipokwisha. Sababu ni kwamba katika RISC OS programu hupokezana prosesa kwa hiari: kila moja hutakiwa kuita amri ya mfumo iitwayo Wimp_Poll mara kwa mara ili kuwapisha wenzake, na isiyoita huzuia wote. Niliigawa kazi, ikawa inahesabu mistari 200 kisha inapisha, na saa ikaanza kutembea tena. Programu ya mtu mwingine ikikwama hivyo, Alt na Break hukupa nafasi ya kuisimamisha, ingawa si kila mara.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa kuchomoa umeme wakati kadi inaandikwa. Nilipowasha tena, folda moja ilikataa kufunguka, ikidai kuwa imeharibika, nami nikapoteza maandishi ya siku mbili. Tangu hapo huzima kwa Ctrl, Shift na F12, na kila jioni hunakili kazi kwenye diski ya USB.

Baadaye nilihamia Raspberry Pi 3. Prosesa yake ina viini vinne na RISC OS hutumia kimoja tu, lakini kwa kuandika hicho kimoja kinatosha na kusalia. Kilichonipa raha zaidi ni toleo la 5.30 la mwaka 2024, lililoleta Wi-Fi, nikaondoa kebo ya mtandao iliyokuwa imekatiza meza. Kivinjari cha NetSurf hufungua kurasa za maandishi kwa haraka, ila kurasa zinazotegemea sana JavaScript huzishindwa, na hizo huzisomea kwenye simu.

Sitapanda zaidi ya Raspberry Pi 4. Prosesa ya Raspberry Pi 5 huruhusu msimbo wa biti 32 kwa programu za mtumiaji pekee, ilhali sehemu ya ndani kabisa ya RISC OS, inayoendesha mfumo wenyewe, ni ya biti 32, kwa hiyo mfumo ulivyo sasa hauwezi kuwaka juu yake. Bodi yangu ya kwanza bado iko kwenye droo pamoja na kadi iliyo tayari, na ya pili ikiharibika nitaihamishia kipanya na kuendelea kuandika.