Nilivyodai fedha zangu kwa matapeli wa "kazi ya nyumbani"

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuingiza taarifa kwenye kompyuta. Wakataka ada ya usajili, kisha ada ya mafunzo, kisha "dhamana" ya kunipandisha daraja. Mbili za kwanza nililipa kwa kadi. Ya tatu walishikilia nitume moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya mtu binafsi. Kazi nilipewa, nikaifanya, na salio langu kwenye tovuti yao likawa linapanda vizuri tu. Nilipotaka kulitoa, ikazuka ada ya nne. Hapo ndipo nilipoacha kulipa na kuanza kukusanya ushahidi.

Nilikusanya kimyakimya, kabla hawajajua kwamba nimewashtukia, kwa sababu watu hawa wakihisi umewajua hukufungia akaunti na mazungumzo yote yakapotea. Nikapiga picha za skrini: tangazo, masharti, salio, kila ujumbe ukiwa na tarehe yake na namba iliyoutuma. Nikachukua na taarifa ya benki yenye namba za miamala. Kisha nikaenda benki.

Malipo ya kadi yana njia yake. Visa na Mastercard humruhusu mteja kupinga malipo kupitia benki yake, mara nyingi ndani ya siku 120 tangu alipolipa au tangu siku huduma ilipotakiwa kutolewa. Sababu unayoijaza kwenye fomu ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mhudumu alitaka kuandika kwamba malipo yalifanyika bila idhini yangu. Nikakataa. Kadi niliitumia kwa mkono wangu, na uongo huo mdogo ungetosha kuangusha madai yote. Tukaandika kwamba huduma haikutolewa kama ilivyoahidiwa. Matapeli wakajibu (ndiyo, hujibu, tena kwa barua yenye nembo!) wakionyesha kipengele cha masharti kinachosema ada hairudishwi. Mimi nikapeleka tangazo lao la malipo ya kila wiki, na chini yake ujumbe wao wa kudai ada ya nne ili nilipwe. Fedha za kadi zikarudi zote.

Za benki hazikurudi. Benki yangu iliomba zirejeshwe, ikajibiwa kwamba akaunti ile imeshakaushwa. Ikabaki polisi. Pale kaunta nilitazamwa kama mtu aliyekuja kulalamika kwamba hakupata kazi, lakini sikuondoka mpaka nikapewa namba ya kumbukumbu. Baadaye wahusika walipokamatwa kwa malalamiko ya watu wengi, namba hiyo ndiyo iliyoniingiza kwenye orodha ya waathirika. Asiyekuwa na malalamiko kwenye jalada ni vigumu kukumbukwa fidia inapopangwa.

Ofisi ya mwendesha mashtaka ilinitumia fomu ya kueleza hasara. Nikaijaza kwa uchungu: saa nilizofanya kazi, salio nililoahidiwa, printa niliyonunua, usingizi niliokosa. Ofisa aliyeipitia akanipigia.

"Dada, hii ni hasara yako au ni matarajio yako?"

Akanifafanulia kwamba amri ya fidia katika kesi ya jinai kwa kawaida huangalia kilichotoka mfukoni na kinachothibitika kwa karatasi. Salio la kwenye tovuti yao lilikuwa tarakimu walizozibuni wenyewe, kwa hiyo halihesabiki. Printa bado ninayo na inafanya kazi. Fedha za kadi nimeshalipwa, nazo lazima ziondolewe kwenye hesabu, maana hasara moja hailipwi mara mbili. Usingizi nao nikaambiwa niueleze kwenye maelezo ya mwathirika, ambayo hakimu huyasoma anapopanga adhabu. Fomu yangu ya pili ilikuwa na mstari mmoja: kiasi, tarehe, namba ya muamala. Ndiyo iliyopita.

Kesi ikiendelea, akanipigia mtu aliyejiita wakili. Alijua jina langu na kiasi nilichopoteza, akasema fidia yangu iko tayari, nilipie tu gharama za kuifungulia. Orodha za waliotapeliwa huuzwa kwa matapeli wengine, na hawa wa "kurejesha fedha" ndio wateja wake. Ile Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ambayo imewahi kuwarudishia fedha watu waliolizwa na kampuni za namna hii, inasema wazi kwamba haimtozi mtu chochote ili alipwe. Nikaichukua namba ya "wakili" nikampelekea mpelelezi.

Wakatiwa hatiani, wakaamriwa kulipa. Amri ni kitu kimoja, fedha ni kingine. Mali zilizokamatwa hazikutosha, kwa hiyo kila mmoja wetu hupata kwa uwiano wa alichopoteza, kidogokidogo kadiri wanavyolipa. Deni lenyewe halifutiki upesi: Marekani, kwa mfano, mshtakiwa wa kesi ya shirikisho huweza kudaiwa fidia hadi miaka 20 baada ya kutoka gerezani. Awamu ya kwanza niliyopokea ilikuwa ndogo kiasi cha kuchekesha. Hata hivyo nilipobadili anwani niliiandikia ofisi ya mahakama wiki hiyohiyo, maana malipo yanayokosa mwenyewe hukaa hukohuko, na awamu ya pili imeshanifikia.