Begi Nyuma ya Mlango

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Nakuru, upande wa Kaptembwa. Mwaka wa uchaguzi biashara yangu hunoga. Kura zikikaribia, watu waliokuwa wakilia hawana pesa huja mbio kutaka grili za madirisha, geti la nondo nzito, komeo la pili, hata mlango wa chuma wa chumba cha kulala. Mwaka 2022 nilikesha kwa oda. Nafungia watu woga wao, nalipwa, watoto wanakula. Woga wangu mwenyewe ndio sikujua niupeleke kwa fundi gani.

Nyuma ya mlango wa chumba chetu palikuwa na begi jeusi la mgongoni. Ndani yake vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti changu cha ufundi, risiti za ploti, shuka moja, tochi, na shilingi elfu nane ndani ya soksi. Nililipanga Juni 2024. Tarehe 25 vijana waliingia Bunge kuupinga ule Mswada wa Fedha wa kuongeza ushuru, na huku mjini tukafunga kazi mapema. Kesho yake Rais akasema hatatia sahihi. Majirani walishangilia. Mimi usiku huo nilipakia begi.

Halafu nikawa nalifungua kila usiku. Saa nane naamka, nahesabu vyeti, narudisha zipu, nashika simu. Video moja ya risasi, nyingine ya mtu aliyepotea, nyingine ya mwanasiasa anayetusi kabila zima kwa lugha ya mafumbo. Kunakucha. Tumbo likaanza kuniuma chini ya mbavu. Zahanati moja ikanipa dawa za vidonda vya tumbo, nikanywa miezi miwili bure. Ploti nayo nikaacha kuilipia. Nilikuwa nimeshatoa 180,000, zimebaki 70,000, nikajiuliza: nijenge ya nini?

Swali hilo lina historia. Mwisho wa Januari 2008, kwenye zile ghasia za baada ya uchaguzi, karakana ya baba yangu, seremala, iliteketea na mbao zote. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulilala kwenye hema pale uwanja wa maonyesho, maelfu yetu. (Usiniulize sisi ni wa upande gani. Swali hilo ndilo lililotufikisha pale.) Februari 28, Kibaki na Raila walipotia sahihi mapatano mbele ya Kofi Annan, tuliyasikia kwa redio ya jirani tukiwa kwenye foleni ya maji. Wanawake wengine walilia. Baba alisema tu, "Haya, wameelewana," akasogeza mtungi mbele.

Aliyenipeleka kwa mshauri ni mke wangu. "Baba Neema, wewe hulali na mimi silali. Utaenda, ama nitaenda mimi nikakusemee." Nilidhani therapi ni ya wendawazimu au ya watu wa Nairobi wenye magari. Kijana ninayefanya naye kazi alicheka mpaka akavua miwani: "Fundi, unalipa elfu moja mtu akusikilize? Nipe mimi, nitakusikiliza mpaka Jumapili."

Mshauri ni mama wa makamo, ana chumba kimoja nyuma ya kanisa. Nilimwita daktari, akakataa, nikaendelea kumwita hivyo hivyo. Siku ya kwanza nilihutubia kama niko jukwaani: ushuru, polisi, nani kamuuza nani. Hakubishana. Nilipochoka akauliza, "Na hapa ulipokaa, unaumwa wapi?" Nikamwonyesha chini ya mbavu. Tukaanzia hapo.

Nilichompendea ni kwamba hakuniambia hakutatokea kitu. Angeniambia hivyo ningeinuka na kuaga. Mimi nimelala kwenye hema. Alisema woga wangu una sababu, na begi si ujinga, watu wengi wenye akili wana begi. Kisha akasema, "Lakini begi likishafungwa limemaliza kazi yake. Sasa saa nane ya usiku wewe unaendelea na kazi gani?"

Sikuwa na jibu. Nililipa elfu yangu nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani.

Alinipa saa ya wasiwasi. Kila siku saa kumi na mbili jioni nikae na daftari dakika ishirini, niandike yote yanayonitisha: upande huu yale ninayoweza kuyafanyia kitu kesho, upande ule yasiyo mikononi mwangu. Wasiwasi ukija wakati mwingine, niuambie usubiri zamu yake. Simu ilale jikoni. Nikiamka usiku, nivute pumzi taratibu na kuitoa kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu ni wakati wa kutoa pumzi ndipo moyo hupunguza mwendo. Wiki ya kwanza nilishindwa kabisa. Simu niliifuata jikoni, nikaisomea gizani nimesimama kando ya jiko kama mwizi. Wiki ya tatu niliona jambo la ajabu: ikifika saa kumi na mbili, mengine yaliyonitisha mchana nimeshayasahau. Nakaa na kalamu natafuta cha kuogopa.

Aliwahi kunitajia Zimbabwe, ambako daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha kina nyanya kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza. Kwa Kishona wana neno lao, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Nilifurahi kujua kwamba ugonjwa wangu una jina huko, kwa sababu huku kwetu mtu akisema ana mawazo anaambiwa aoge alale.

Ya ploti niliyatoa siku ya tano. Nilisema sioni maana ya kujenga kitu kinachoweza kuchomwa kwa kiberiti cha shilingi tano. Akanieleza kwamba kuna daktari Mmarekani, Irvin Yalom, aliyesema binadamu wote hutishwa na mambo manne: kifo, uhuru, upweke na kukosa maana, na kwamba hayo hayana dawa ya kuyamaliza. Nikamwambia huyo hakulala uwanja wa maonyesho. Alicheka sana. Halafu akauliza, "Baba yako alifanya nini karakana ilipoungua?"

Nilikuwa nimesahau. Kweli nilikuwa nimesahau. Baba aliazima nyundo, akaokota mbao za makasha ya misaada, akazing'oa misumari na kuinyoosha mmoja mmoja juu ya jiwe. Akatengeneza benchi la watoto waliokuwa wakisomeshwa chini ya mti. Lilikuwa linayumba. Nililikalia mimi, nikaona aibu kwa sababu kila mtu alijua ni la baba yangu. Alifariki 2019 akiwa na karakana nyingine, ya kukodi, kule Free Area. Nililia pale kwenye kiti, mzee mzima, na mama yule akanisogezea karatasi za shashi bila kusema neno.

Nilienda mara sita, sasa naenda mara moja kwa mwezi, pesa ikikubali. Alinishauri niache habari kabisa, hilo tukakataliana. Nasikiliza redio saa saba mchana, basi. Tumbo bado hunikumbusha, hasa Bunge likichafuka. Mwezi uliopita nililipa 5,000 za ploti. Karani aliangalia risiti ya mwisho, akaniangalia mimi, akapiga muhuri.

Mteja mmoja naye ameshaniuliza bei ya geti, analitaka liwe limesimama kabla ya siku ya kura, Agosti 10, 2027. Nimemwambia alete amana.

Na begi? Mke wangu alipata msiba kwao Kisii, akakosa cha kubebea nguo. Akaniangalia. Nikatoa kila kitu, nikaweka kwenye droo ya kabati, nikampa. Lilirudi limejaa ndizi. Vyeti viko kwenye droo mpaka leo, na begi linanuka ndizi mbivu hata baada ya kufuliwa mara mbili.